Gonga Mara Tatu

Yowe la Tate Oltmann lilisikika mpaka jikoni kwa wapishi wa shule. Na Tate si mtoto wa kupiga mayowe. Ana futi sita na inchi mbili, kila Ijumaa huingia uwanja wa mpira wa Kimarekani kugongana na vijana wa miji ya jirani, na hutoka akicheka huku damu inamtoka puani. Siku hiyo alikuwa amepiga magoti katikati ya darasa la kilimo, amevaa ile miwani mikubwa nyeusi inayofunika nusu ya uso, mikono yake ikiparamia hewa.

"Nitoeni! Jamani, nitoeni humu!"

Wenzake kumi na watatu walianza kwa kucheka, lakini kicheko kikawakauka. Kwenye televisheni ya ukutani waliona kile alichokuwa akikiona yeye ndani ya miwani: ukuta wa bati wa ghala la mahindi ukipanda juu kwa kasi, mahindi yakimfika kifuani, shingoni, mdomoni, kisha giza.

Mwalimu Marlys Tjaden alimvua miwani, akamshika bega mpaka pumzi ikamrudi.

"Umepita nini bila kusimama, Tate?"

"Spana." Alikuwa akitweta. "Nimeiona kabisa, Mwalimu. Nikasema aa, gemu tu hii."

"Na mtu aliyekuwa ndani?"

"Nimemuua."

"Umemuua, na gemu ikakuweka mahali pake. Ndivyo ilivyotengenezwa. Haya, nani anafuata?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Huku kwetu Wessel Grove, Iowa, mtoto hujua harufu ya mahindi kabla hajajua harufu ya mama yake. Mahindi hukaa kwenye maghala ya bati ya duara, marefu kuliko nyumba, na chini ya sakafu ya kila ghala kuna parafujo ndefu ya chuma. Ukibonyeza swichi, parafujo huzunguka na kuyavuta mahindi mpaka nje, ndani ya lori. Yakiwa na unyevu hushikana yakafanya ganda, na hapo lazima mtu aingie na ufito wa chuma alivunje. Parafujo ikiwashwa naye yumo, ana sekunde ishirini tu. Mahindi humvuta kuanzia miguuni, na hakuna mwanadamu mwenye nguvu za kumchomoa. Tumezika watu kwa namna hiyo, na kaburi la mtu aliyezama katika chakula halizoeleki, uwe na imani ya namna gani.

Ndiyo maana kuna sheria. Kabla hujagusa swichi unachukua spana inayoning'inia kwa waya na kugonga ukuta wa ghala mara tatu. Aliye ndani huenda asisikie, maana naye anapigana na ganda lake, kwa hiyo huwekwa mtu juu ya ngazi awe sikio lake, ajibu. Zamani ilikuwa desturi ya wazee wachache. Siku hizi kila ua una spana yake, na hilo lilianza kwa kifo cha Lonnie Tjaden, kaka yake Mwalimu Marlys.

Habari hiyo hakuna mtu wa hapa asiyeijua. Marlys mwenyewe huisimulia kila Septemba, siku ya kwanza ya darasa, kwa sauti ile ile kavu, na ameisimulia kwa miaka thelathini na mmoja. Ilikuwa Julai, mwaka 1979. Yeye alikuwa na miaka kumi na moja, Lonnie kumi na sita. Baba yao, Harm, alimwambia Lonnie aingie ghalani kuvunja ganda, akampandisha Marlys juu ya ngazi na kumwambia, "Usibanduke hapo." Kisha akaenda kuleta lori. Jua lilikuwa kali, bati likimchoma mapaja. Marlys akashuka, akaenda jikoni kunywa maji. Alikunywa bilauri mbili. Aliporudi uani parafujo ilikuwa ikinguruma, mahindi yakimiminika lorini kwa utaratibu wake wote, na baba yake amesimama kando, mikono kiunoni, akitazama mawingu.

Walihitajika watu kumi na wanne na saa tatu nzima kulitoboa bati na kumtoa.

Sherifu alipouliza, Harm alijibu: "Niligonga mara tatu. Hakuna aliyejibu. Nilikuwa nimemwacha binti ngazini." Gazeti la wilaya likaandika hivyo hivyo, neno kwa neno.

Harm hakumgombeza Marlys hata siku moja. Afadhali angemgombeza. Alichofanya ni kuacha kumtuma. Hakumwambia tena afunge geti, wala ashike kamba, wala amtazamie ndama. Mtoto asiyetumwa ni mgeni kwao. Alipofika miaka kumi na mitano alijitolea kuwaangalia watoto wachanga kanisani wakati wa ibada, na akiwa mlangoni akamsikia mama mmoja, tena mama mpole, akinong'ona, "Afadhali tumpate mwingine." Alipofika ishirini na sita, Duane Meints, muuza mbegu, mtu mwema mwenye masikio makubwa, alimvisha pete. Duane alitaka watoto wanne. Marlys alilala na ile hesabu ya watoto wanne kwa wiki tatu, kisha akamrudishia pete yake. Mtu aliyeshindwa kulinda ngazi moja atalindaje watoto wanne? Hivyo ndivyo alivyojiuliza, na hakuna aliyekuwapo wa kumwambia kwamba swali lenyewe lilikuwa bovu.

Akawa mwalimu. Watoto wa wenzake aliwalinda kwa maneno. Lakini maneno yana mwisho wake. Watoto walisikiliza, wakasikitika, wakaenda nyumbani na kuwasha parafujo bila kugonga. Basi majira ya baridi yaliyopita alimwendea mwanafunzi wake wa zamani anayetengeneza michezo ya kompyuta kule Des Moines, akamchorea ua wa nyumbani kwao jinsi ulivyokuwa: ghala, ngazi, nguzo ya swichi, lori la kijani, mpaka kamba ya nguo ya mama yake. Spana akaomba ipakwe rangi nyekundu ili asiwepo wa kusema hakuiona. Atakayegonga atajibiwa, na somo litaendelea. Atakayepita bila kugonga atageuzwa kuwa yule aliye ndani. Marlys alijiambia kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya wanafunzi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Alitaka baba yake aione kazi ile na amwambie neno moja tu la kumsamehe kabla mmoja wao hajaingia kaburini. Harm alikuwa na miaka themanini na sita, muda haukuwa mwingi.

Siku ya pili baada ya yowe la Tate, Gary Freese alikuja shuleni na viatu vya matope. Gary ni mjumbe wa bodi ya shule, na ndiye anayelima shamba la Harm kwa kukodi, kwa hiyo hujiona ana hisa katika ukoo.

"Nasikia Tate kajikojolea," alisema, hata salamu hajamaliza.

"Hakujikojolea."

"Lakini alikaribia."

"Akikaribia hapa, Gary, hatakaribia kule."

Gary alikaa juu ya meza ya mwanafunzi. "Mwalimu, sisi tulijifunza kwa kuwafuata baba zetu nyuma. Leo mtoto wa mkulima anafundishwa ghala kwa kuvalishwa sanduku usoni? Wanacheza magemu nyumbani usiku kucha, waje wacheze na hapa? Kodi yetu hiyo."

"Lonnie naye alimfuata baba yake nyuma."

Gary akasema lile ambalo watu wa Wessel Grove walikuwa wamelizunguka kwa adabu miaka yote. "Kwa heshima zote, Marlys, wewe si mtu wa kutufundisha sisi ulinzi wa ghala."

Damu ilimpanda Marlys mpaka masikioni. Aliamini Gary ana haki.

"Nisikilize," Gary alisema, naye sasa ameona aibu. "Bodi inakuja kutazama darasa Jumanne. Mlete Harm. Mzee akisema hii kitu yako ni sawa, mimi mdomo nafunga. Akisema ni upuuzi, miwani inarudi kwenye boksi. Harm ndiye aliyegonga. Hakuna atakayembishia."

Jumapili, baada ya kanisa, Marlys alipika kwa baba yake kama kila Jumapili: nyama ya kuoka, viazi vya kuponda, mahindi matamu ya friza. Walipomaliza alimtengea chai, na Harm akaweka bonge lake la sukari chini ya kikombe, akamimina chai juu yake, akaongeza tone la krimu bila kukoroga, jinsi walivyokuwa wakifanya wazee wake. Marlys akaunganisha waya kwenye televisheni.

"Ndiyo hiyo inayowaliza watoto wa watu?" Harm aliuliza.

"Ndiyo hiyo, Baba."

"Gary kanipigia simu. Anasema nikiivaa roho itaniruka, halafu shamba atalinunua kwa wajane."

"Wewe huna mjane, Baba. Mama ametangulia."

"Ndivyo nilivyomwambia. Nikamwambia hata nikifa leo, Marlys atakupandishia kodi." Akacheka, akakohoa, akasimama akishika kiti. "Haya, nivalishe ndoo yako."

Alimvalisha taratibu, akamkazia mkanda nyuma ya kichwa, juu ya zile nywele chache nyeupe, akampa vishikio viwili vya kuchezea mikononi. Ilikuwa miaka mingi tangu alipomgusa baba yake kichwani. Moyo ulimdunda kama wa mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Geuza shingo."

Harm aligeuka. Kwenye televisheni ua ukazunguka pamoja naye. "Ee, Mungu wangu," alisema. "Kamba ya nguo ya mama yako."

"Niliikumbuka."

"Na lori langu. Lakini lile lilikuwa linavuja mafuta."

"Hili halivuji."

"Basi si langu." Alikuwa akitabasamu chini ya miwani, na Marlys, aliyekuwa nyuma yake, naye akatabasamu. Kwa dakika nzima walifurahi pamoja. Jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu Lonnie.

"Kazi yako ni kupakia lori, Baba. Fanya kama ulivyokuwa ukifanya siku zote."

Hakumwambia habari za spana. Kumkumbusha Harm Tjaden kugonga ghala kungekuwa sawa na kumfundisha bata kuogelea. Wala hakumwonya yatakayompata mtu asipogonga, kwa maana yeye asingefika huko. Marlys alikunja mikono, akatazama televisheni.

Nguzo ikaja karibu. Spana nyekundu ilikuwa ikining'inia kwenye usawa wa macho, haiwezekani usiione. Harm hakupunguza mwendo. Spana ikapita upande wa kushoto wa kioo na kutoka. Mkono wake ukaenda mbele, dole gumba likashuka juu ya kitufe cha kijani bila hata kukitafuta, kama mtu anayewasha taa ya chumba anacholala.

Parafujo ikanguruma.

Marlys aliduwaa. Alijua analotakiwa kufanya, ni kumvua baba yake miwani mara moja, mzee wa miaka themanini na sita, mwenye moyo wa vidonge. Mikono haikumtii. Alikodoa macho kwenye televisheni, mahali ile spana ilipokuwa imepita, kana kwamba ingerudi.

Mchezo ulifanya kazi yake. Harm hakupiga yowe. Alisimama wima kwenye zulia la sebule, pumzi zikienda mbio, mikono yote miwili ikapanda taratibu juu ya kichwa, na kwenye televisheni mahindi yakapanda pamoja nayo.

"Lonnie," alisema.

Giza likafunika kioo.

Hapo ndipo Marlys alipomvua. Uso wa mzee ulikuwa umelowa jasho, macho hayajui yapo wapi. Akamkalisha, akamwekea kikombe mkononi.

"Baba, umeipita spana."

"Spana ipi?"

"Nyekundu. Ilikuwa mbele ya uso wako. Hukugonga."

Na Harm, akiwa bado hajapata pumzi, akili yake ikiwa bado imo ndani ya lile ghala, akajibu kabla hajajizuia. "Nani alikuwa na muda wa kugonga, na lori linangojwa?"

Wote wawili walilisikia neno hilo. Lilikaa pale mezani kati ya sahani. Marlys aliona uso wa baba yake ukibadilika, ukifunga milango yake mmoja mmoja, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Kuna jambo alilokuwa ameliogopa maisha yake yote kulifikiri mpaka mwisho, na sasa lilijifikiri lenyewe. Dirisha la jikoni siku ile lilikuwa wazi. Kutoka jikoni mpaka ghalani ni hatua arobaini. Spana juu ya bati tupu husikika nusu maili. Akina Oltmann ng'ambo ya barabara husikia ya akina Tjaden, na akina Tjaden husikia yao. Na yeye, akiwa na bilauri mkononi, hakusikia kitu. Miaka yote alijiambia kwamba ni kelele za bomba. Alijiambia kwamba alikuwa mtoto mlafi wa maji kiasi kwamba baba yake aligonga mara tatu kuokoa maisha ya kaka yake na yeye hakusikia.

"Siku ile uligonga?" aliuliza.

"Marlys."

"Nimekuuliza, Baba. Uligonga?"

Harm alitazama kikombe chake. "Sherifu aliniuliza kabla hawajamtoa mtoto. Nikasikia mdomo wangu unasema. Mama yako alikuwa amesimama pale, ananitazama. Ningesema nini mbele ya mama yako?"

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ilikuwa mazishi."

"Na mwaka uliofuata? Na mama alipokufa?"

"Lilikuwa limeshakuwa kweli. Watu walining'iniza spana kwenye nyua zao kwa sababu yangu. Wamepona watu, Marlys. Pale kwa akina Primus alipona mtu."

"Na mimi?"

Mzee akasema, tena bila ubaya wowote, "Wewe ulikuwa mtoto. Nilidhani utasahau."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Harm Tjaden ilikuwa na urefu wa miaka arobaini na sita, na ilipita juu ya mgongo wa binti yake hatua kwa hatua. Marlys alitafuta machozi, hakuyapata. Alichokipata ni hasira ambayo hakujua anayo, ikamfanya asimame na kushika meza. Alimwona Duane Meints akiipokea pete kwenye kiganja bila kusema neno. Aliwaona watoto wanne ambao hawakuwahi kuzaliwa. Aliona Septemba thelathini na moja, na yeye mbele ya darasa, akijishtaki kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watoto wa watu ili kulinda jina la mzee huyu aliyekuwa akinywa chai.

"Mavi ya kale hayanuki, mwanangu," Harm alisema kwa sauti ndogo.

"Hayanuki kwako! Mimi ndiye niliyelala nayo!"

Hakuwahi kumpandishia baba yake sauti. Mzee alijikunyata kitini.

"Jumanne nitakuja," alisema upesi. "Nitamwambia Gary gemu yako ni nzuri. Ni nzuri mno, Marlys. Hata mimi imeniingia. Nitasema mbele ya bodi nzima."

"Hutasema habari za gemu."

Harm alielewa. "Watu watasema nini?"

"Watu wanasema tangu mwaka sabini na tisa, Baba. Wanamsema mtoto."

Akakusanya miwani na nyaya zake, akavaa koti, akatoka. Vyombo aliviacha mezani, havijaoshwa, na nyama imeganda mafuta.

Jumatatu Harm hakupiga simu. Marlys naye hakupiga. Jumanne saa nne asubuhi wajumbe watano wa bodi walikuwa wamekaa nyuma ya darasa kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni, na wanafunzi kumi na wanne walikuwa wametulia kwa namna isiyo ya kawaida. Tate Oltmann alikuwa mstari wa mbele, amekunja mikono. Marlys alishaamua kwamba mzee haji. Aliwasha televisheni, akaanza kueleza mchezo, na sauti yake mwenyewe akaisikia kwa mbali.

Mlango ukafunguliwa. Harm aliingia amevaa shati la kanisani na ile kofia ya kampuni ya mbegu ambayo huivaa kwenda benki.

"Mzee wetu huyo!" Gary Freese alisimama, akapiga makofi, na wengine wakamfuata. "Harm, karibu. Umeijaribu hii kitu ya Marlys?"

"Nimeijaribu."

"Na unasemaje? Ya kweli au upuuzi?"

Harm alivua kofia, akawatazama watoto mmoja mmoja mpaka akamfikia Tate. "Wewe ndiye uliyepiga yowe?"

Darasa likacheka kidogo. Tate akawa mwekundu. "Ndiyo, mzee."

"Uliipita spana?"

"Niliipita."

"Mimi pia niliipita."

"Ai, Harm!" Gary alicheka kwa sauti. "Jumapili? Hata wewe gemu imekuweza?"

"Siyo Jumapili," Harm alisema. "Julai, mwaka sabini na tisa."

Gary aliendelea kucheka kwa nukta moja zaidi, kwa sababu maneno yalikuwa bado hayajamfika. Yalipomfika, mdomo ulibaki wazi, na mkono aliokuwa ameuinua kupiga paja ukabaki hewani.

"Nilimwambia sherifu niligonga," mzee alisema. Alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili. "Sikugonga. Nilifika na lori, nikabonyeza. Kijana wangu alikuwa ndani. Marlys huyu alikuwa na miaka kumi na moja, jua kali, akaenda kunywa maji. Nikamwachia yeye lawama."

Mmoja wa wajumbe, mama mzee aliyefunga nywele nyuma, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ndiye yule aliyenong'ona kanisani zamani zile, na Marlys alimwona akikumbuka. Tate alikuwa akimtazama Harm kwa hofu ile ile aliyokuwa nayo siku alipovuliwa miwani. Marlys alikuwa amesimama kando ya televisheni na waya mkononi. Alikuwa amengoja neno la msamaha kutoka kwa baba yake tangu utotoni, na sasa akagundua kwamba muda wote hakukuwa na kitu cha kusamehewa, na kwamba anayehitaji msamaha amesimama pale mbele, na yeye hajui kama anao wa kumpa.

Josie Primus, msichana wa mstari wa pili ambaye hana breki mdomoni, ndiye aliyetangulia kuuliza. Hakuinua mkono.

"Kwa hiyo, Mwalimu," alisema, "si wewe uliyemuua kaka yako?"

Kumbe hivyo ndivyo walivyokuwa wakiielewa ile hadithi. Miaka yote, madarasa yote. Marlys aliuweka chini ule waya.

"La," alisema. "Si mimi."